Ketrina Mbonile, Aliyekataa Kuanua Matanga

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, mwenyekiti wa mtaa, wajomba zetu mliotoka Igamba, ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Nakonde, majirani wa Mpemba na ninyi akina mama ambao tangu Jumanne hamjatoka jikoni kwetu, kwa niaba ya familia nawasalimu nyote. Kwa wasionifahamu, mimi ni Atupele, mtoto wa kwanza wa marehemu, nami nimepewa kazi ya kuwasomea historia ya mama yetu, kazi ambayo yeye mwenyewe aliifanya katika misiba ya watu wengine kwa karibu miaka arobaini.

Kabla sijaanza, familia imenituma niseme jambo moja waziwazi, kwamba jana mchana tulikaa kikao kwa sababu ya sentensi moja ya historia hii, ile inayotaja ugonjwa, wako waliotaka isomwe na wako waliotaka iachwe, na baba yetu, Mzee Joshua Simbeye, alikuwa upande wa wanaotaka iachwe, naye alikuwa na sababu nzito ambayo nitaieleza. Kikao kiliamua, na uamuzi wenyewe mtausikia tutakapofika mahali pake, maana mama alikuwa mkali sana kwa msomaji anayeruka hatua.

Marehemu Ketrina Mbonile alizaliwa tarehe 3 Machi 1955 huko Igamba, wilaya ya Mbozi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Timotheo Mbonile na Bibi Ikupa, wakulima wa kahawa na mahindi, akabatizwa mwaka huohuo katika Kanisa la Moravian. Aliyemfuata ziwa ni mdogo wake Boazi, aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1957, ambaye mama alimbeba mgongoni kabla yeye mwenyewe hajajua kufunga nguo vizuri, na mara mbili alimwangusha, jambo ambalo Boazi alilitumia maisha yake yote kila alipotaka kupewa nyama ya ziada.

Katika nyumba ile kulikuwa na mtu aliyekosekana kabla ya wote, naye ni baba mzazi wa Mzee Timotheo, aliyechukuliwa mwaka 1916 mkewe akiwa mjamzito, wakati Wajerumani na Waingereza walipokuwa wakifukuzana katika nchi yetu hii kwa ugomvi ambao sisi hatukuuanzisha, akabebeshwa mizigo ya jeshi, akapelekwa kusini, asirudi. Mama alipokuwa mdogo aliuliza babu yake alifia wapi, akajibiwa kwamba alikwenda na mizigo, akauliza tena mwaka uliofuata, akajibiwa vilevile, na alipokua alikuwa akisema kwamba hilo ni jibu la mbuzi aliyepotea, si jibu la mtu. Sisi watoto wake tunaamini ugomvi wake na historia fupi ulianzia hapo.

Marehemu alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1964 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1970, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, kwa sababu nafasi zilikuwa chache na wasichana walikuwa wa mwisho kufikiriwa, hivyo akarudi shambani kuchuma kahawa. Mwaka 1972 alijitolea kufundisha elimu ya watu wazima jioni, katika banda la kupimia kahawa, akiwa na miaka kumi na saba na wanafunzi wenye mvi, mmojawapo akiwa baba yake, ambaye alimpa adhabu ya kufuta ubao alipochelewa kama alivyowapa wengine, na Mzee Timotheo akaufuta, ingawa inasemekana siku hiyo alikula chakula cha jioni peke yake uani.

Sasa nafika mwaka 1978. Majeshi ya Uganda yalipovuka na kuingia Kagera, mgambo waliitwa kutoka kila upande wa nchi, na Boazi, aliyekuwa na miaka ishirini na moja, na aliyekuwa amefunga ndoa na Gwantwa miezi michache tu kabla, aliandikishwa, akaondoka Vwawa tarehe 2 Desemba 1978 ndani ya lori lililojaa vijana wakiimba. Mama na Gwantwa walimsindikiza mpaka barabara kuu, na jambo la mwisho aliloagiza ni kwamba mche mmoja wa kahawa ulioinama uwekewe nguzo, yaani aliagiza kama mtu anayekwenda sokoni.

Vita vilikwisha mwaka uliofuata, vijana wakaanza kurudi, Vwawa ikapigwa ngoma na akina mama wakatandika khanga barabarani ili askari wapite juu yake, mama na Gwantwa nao walitandika za kwao, wakasimama wakitazama kila uso unaoshuka, lori baada ya lori, mpaka ngoma zikaisha na khanga zikakusanywa. Mwezi Januari 1980 ililetwa taarifa kwa mdomo kwamba Boazi Mbonile alifia vitani, bila tarehe wala mahali, na mama hakuwahi kumlaumu aliyeileta, maana alijua waliokufa walikuwa wengi na mjumbe hufikisha alichopewa tu.

Tarehe 19 Januari 1980 ukoo ulikusanyika Igamba kwa ajili ya msiba wa mtu asiye na jeneza. Kwa desturi ya ukoo ule, wa Mbonile, marehemu husomewa historia yake yote, kutoka kuzaliwa hadi kufa, kisha yale mafiga ya jiko la msiba yaliyowekwa uani hung'olewa na kutupwa porini, mjane hunyolewa, na hapo ndipo matanga yanakuwa yameanuliwa na watu wanaweza kuendelea na maisha. Mzee Barnaba, msemaji wa ukoo, ambaye mama alimwita baba mdogo, alisimama akasoma kwamba Boazi alizaliwa, alisoma, alioa, na alifia vitani, akakunja karatasi, akawaashiria vijana waende kwenye mafiga.

Hapo mama yetu, msichana wa miaka ishirini na minne ambaye hajaolewa, aliinuka kutoka mkekani akaenda kusimama mbele ya jiko, akasema, "Baba mdogo, nisamehe. Umesoma alizaliwa lini, umesoma alioa lini. Hujasoma alikufa lini, wala wapi, wala nini kilimuua. Historia hiyo haijaisha, na mafiga hayang'oki." Mzee Barnaba akamwambia kwamba vita havina tarehe, naye akajibu, "Mbona redioni vina tarehe?" Wazee walinung'unika, Bibi Ikupa akalia, lakini hakuna kijana aliyethubutu kumsogeza, na Mzee Timotheo, ambaye angeweza kumwamuru akae, alitazama chini na hakuamuru, maana naye baba yake alikwenda na mizigo. Mafiga yakabaki pale uani, matanga yakabaki wazi.

Msidhani lilikuwa jambo jepesi, kwa sababu mateso ya uamuzi ule yalimwangukia Gwantwa, ambaye hakuwa mke wala mjane, hakuweza kunyolewa wala kuolewa, alikuwa na miaka ishirini, na watu wakaanza kumnong'oneza sikioni kwamba mumewe yuko hai, amepata mwanamke Uganda. Mama aliliona kosa hilo na hakulikwepa, mwaka 1982 aliwaendea wazee akawaambia kwamba msiba ule kuanzia siku hiyo ataubeba yeye dada wa marehemu peke yake, akachukua wembe, akamnyoa Gwantwa kwa mkono wake mwenyewe, akamfungia mzigo wake, akamrudisha kwao akiwa huru. Gwantwa aliolewa Mlowo mwaka 1983, ana watoto na wajukuu, na leo yupo hapa, amekaa pale karibu na jeneza.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na baba yetu, Mzee Joshua Simbeye, Mnamwanga wa hapa Mpemba na mfanyabiashara wa maharage, siku ya Jumamosi tarehe 18 Julai 1981, naye kabla ya kukubali posa alimwambia mchumba wake kwamba anaoa mtu aliye katika msiba usiokwisha, na baba anasema alidhani ni maneno ya wachumba ya kutia madoido. Mungu aliwajalia watoto watatu, Atupele, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1982, Emanueli, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1985, na Eva, aliyezaliwa tarehe 30 Juni 1989, pamoja na wajukuu saba, na kila mmoja wao anajua tarehe yake ya kuzaliwa, saa na jina la mkunga, apende asipende.

Mwaka 1984 marehemu alianza kazi ya mama ntilie hapa Tunduma, karibu na maegesho ya malori, akipika ugali, maharage na samaki, na madereva wa Zambia wakamwita Bamayo, yaani mama kwa lugha ya kwao. Sahani ya ugali ilimfungulia vinywa vingi, maana mtu mzima yeyote aliyekula pale akiwa amekaa wima kama mtu aliyewahi kupiga kwata, mama alimwongezea mboga, kisha akamuuliza kama alikwenda Kagera, alikuwa kikosi gani, na kama alimfahamu Boazi Mbonile wa Igamba. Wengine walijibu, wengine waliacha chakula wakaondoka, na mmoja alilia mpaka baba akaitwa kuja kumshika mkono. Hakupata habari za Boazi, lakini alipata za wengine, kijana wa Vwawa aliyezama mtoni, baba wa watoto wawili aliyekanyaga bomu la ardhini wakati akitafuta kuni, na kila alichopata alikipeleka kwa wenyewe, kwa basi au kwa mguu, hata kama ni kibaya, maana alisema habari mbaya ina kiti chake, lakini isiyojulikana inazunguka nyumba nzima.

Ndivyo watu walivyoanza kumwita katika misiba awaandikie historia za ndugu zao, waliokufa vitani na waliokufa vitandani, wazee wa kahawa, wapagazi wa mpakani, watoto wachanga, na mwenye nyumba aliyetaka kuandikiwa na mama alijua kwamba ataulizwa maswali. Ukimwambia marehemu aliugua kwa muda mrefu, alikuuliza muda mrefu ni ugonjwa gani. Ukimwambia alifariki kwa ajali, alitaka kujua ya nini, wapi, na nani alikuwa naye. Kulikuwa na wakati, miaka ya tisini, ambapo nyumba nyingi za mji huu zilikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna msomaji aliyekuwa akiutaja, na baadhi ya familia ziliacha kumwita, wakatafuta wasomaji wenye midomo laini. Wengine walimwona katili. Mimi nilipokuwa shuleni niliona aibu kuwa mtoto wake, na nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba uongo wa msibani huwa hauzikwi, unarudi nyumbani na waombolezaji.

Mwaka 1993 dereva mmoja alimwambia kwamba huko Mbebe, wilaya ya Ileje, yuko mtu aitwaye Alinanuswe aliyekuwa kundi moja na Boazi tangu mafunzo. Mama alikwenda akaambiwa hayupo, akarudi akaambiwa amekwenda Malawi, naye aliiona baiskeli yake imeegemea ukuta. Mwezi Machi 1994 alikwenda kwa mara nyingine, safari hii akiwa na jembe begani, akapita nyumba, akaenda moja kwa moja shambani, akamkuta mtu yule anapalilia maharage, akamsalimu, akashika mstari wa pembeni yake, akaanza kulima bila kuuliza lolote. Walilima mpaka jua likawa la utosi, Alinanuswe akasimama, akafuta jasho, akasema, "Dada, nilijua utakuja. Nimekukimbia kwa sababu nilimwapia." Kisha wakakaa ukingoni mwa shamba, akamweleza.

Boazi hakufa kwa risasi. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wakiwa Uganda, nje kidogo ya mji wa Lira, wanasubiri malori ya kuwarudisha, maji yalikuwa ya dimbwi, ugonjwa wa kuhara damu ukaingia kambini, na wagonjwa wakalazwa katika darasa la shule iliyoachwa. Boazi alifariki humo tarehe 17 Juni 1979, akiwa mwepesi kama mtoto, amejichafua, na nguo za kumbadilisha hazikuwepo, na Alinanuswe ndiye aliyemuosha na kumzika nyuma ya shule ile pamoja na wenzake wawili. Kabla hajakata kauli alimshika Alinanuswe mkono, akamwomba, "Ukifika nyumbani, waambie ni risasi." Mtu yule alikuwa amelibeba neno hilo kwa miaka kumi na mitano, na kwa kuwa hakuweza kusema uongo wala kuvunja kiapo, aliamua asionekane kabisa.

Mama alirudi Igamba akiwa sasa na kila alichokitafuta, tarehe, mahali na sababu, na pamoja navyo wasia wa ndugu yake wa kuficha sababu hiyo. Wazee walikaa, Mzee Barnaba akasema kwamba neno la mwisho la marehemu halivunjwi, isomwe risasi, nani ataumia? Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba wakisoma risasi, watakuwa wamekubali kuwa kuhara ni aibu ya Boazi, wakati ni aibu ya vita, vilivyompeleka mtoto wa watu mpaka kule na kumnywesha dimbwi, na kwamba waliokufa hivyo walikuwa wengi, na mama zao wote wanasubiri risasi ambayo haikupigwa. Mzee Timotheo, akiwa na miaka sabini na saba, aliomba ashikwe mkono asimame, akasema maneno machache tu, "Msomeni mwanangu kama alivyokufa."

Siku ya Jumamosi tarehe 13 Agosti 1994 mama alisimama uani Igamba akasoma historia ya Boazi Mbonile, kutoka kuzaliwa hadi kufa, akasoma darasa, dimbwi, ugonjwa kwa jina lake, akasoma hata ombi la mdogo wake na kwamba yeye dada yake amemkatalia, na alipofika hapo Mzee Barnaba aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka, na watu kadhaa wakamfuata. Mama alisubiri mpaka wakaisha kutoka, akaendelea kusoma. Alipomaliza aling'oa mafiga mwenyewe, moja moja, yakiwa yameota nyasi na kuku wamezoea kutagia katikati yake, akayatupa porini, akarudi akakaa chini, na hapo ndipo alipomlilia Boazi kwa mara ya kwanza, wanasema kilio kile kilisikika mpaka barabarani.

Baada ya siku ile, watu waliokuwa Kagera walianza kumfuata mama badala ya yeye kuwafuata, wakaja na habari za njaa, za hofu, za wenzao waliopoteza akili njiani, mambo ambayo hayamo katika nyimbo za ushindi tulizoimba shuleni, naye aliyaweka kila moja katika historia ya mwenyewe, ikasomwa mbele ya watu wake. Kama mji huu na vijiji vya Mbozi, Momba na Ileje vinajua vita vile vilikuwaje hasa, vimejulia misibani. Mzee Barnaba hakusema naye kwa miaka kumi na mitano, na alipofariki mwaka 2009 watoto wake walikuja hapa wakaeleza kwamba baba yao ameagiza historia yake iandikwe na Ketrina na mtu mwingine yeyote asiguse kalamu, ila Ketrina asitaje ugonjwa. Mama alicheka mpaka akashika mlango, akaenda, akaandika, akautaja.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na naomba mnivumilie. Mwezi Mei 2023 marehemu alianza kutokwa na damu, ilhali alikuwa amekwisha koma hedhi miaka mingi iliyopita, na hakumwambia baba, hakuniambia mimi, hakumwambia Eva ambaye ni muuguzi, mwaka mzima na zaidi alifua nguo zake peke yake na kuzianika ndani, na alipoulizwa kwa nini anakonda alisema ni mfungo. Mwezi Septemba 2024 alianguka jikoni, tukampeleka hospitali Vwawa, kisha Mbeya, kisha Dar es Salaam kwa mionzi, tukaambiwa tumechelewa, tukarudi naye nyumbani mwezi Januari mwaka huu.

Siku chache kabla hajafariki aliniita nikae kitandani, akaniambia, "Atupele, kwenye historia yangu andika presha." Nilidhani ananitania, nikacheka, yeye hakucheka. Nikamuuliza, mama, wewe? Akageuza uso kuelekea ukutani, akasema, "Sasa ni mimi." Kisha akasema kwamba yeye hakumwelewa Boazi, alimhukumu yeye mwenyewe akiwa mzima na mwenye nguo safi. Hayo ndiyo maneno ya mama yetu, na hilo la presha ndilo ombi lake la mwisho kwangu, ndiyo maana baba jana alisema kwamba kila mmoja wetu ana haki ya kufunikwa, na kwamba mwanamke aliyeishi naye miaka arobaini na mitatu hakumwomba mengi. Nilikubaliana naye. Nawaambia kweli, nilikuwa nimekwisha andika presha.

Aliyetusimamisha ni Bibi Gwantwa. Alisema kwa miaka mingi alilala na kuamka akiamini mumewe wa ujana yuko Uganda na mwanamke mwingine, akamchukia, akamlaani kwa jina, akiwa jikoni kwa mume mwingine, na siku Ketrina aliposoma ugonjwa ule Igamba, ndipo alipomsamehe mtu ambaye hakuwa amemkosea lolote. Akamgeukia baba, akamwambia, "Shemeji, Ketrina alivunja neno la mume wangu, na ndiye aliyenirudishia mume wangu. Hilo la kwenu nalo livunjeni. Aibu ndiyo iliyomchelewesha hospitali, mnataka tena imsindikize kaburini?" Baba akavua kofia, akasema tusome.

Kwa hiyo, kwa uamuzi wa familia, na kinyume na ombi la marehemu mwenyewe, ninasoma kwamba mama yetu Ketrina Mbonile alifariki dunia kwa saratani ya shingo ya kizazi, nyumbani kwake Mpemba, Tunduma, siku ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na siku nane, mikononi mwa mumewe na sisi watoto wake watatu, na kwamba aliogopa, na kwamba aliona haya, na kwamba tulimpenda hivyohivyo.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia Vwawa, Mbeya na Dar es Salaam, kwa mchungaji na wazee wa kanisa waliomletea meza ya Bwana kitandani, kwa majirani wa Mpemba waliotuchotea maji na kutupikia, kwa akina mama ntilie wenzake wa maegesho waliofunga kazi kwa ajili yake, kwa madereva wa pande zote mbili za mpaka, kwa wazee waliopigana Kagera ambao naona mmekuja wengi kuliko nilivyotegemea, kwa Mzee Alinanuswe aliyefika jana kutoka Mbebe akiwa na miaka sitini na tisa na mguu mbaya, na kwa Bibi Gwantwa, ambaye hatuna neno la kumtosha. Ambao hatukuwataja, mtusamehe.

Mama, nimesoma yote, tangu Igamba hadi Jumanne asubuhi, na nimeinua macho kutazama watu wako. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyetoka. Pumzika kwa amani.